Madirisha ya plastiki hayashiki kutu, ila bawaba zake zinashika

Kila nikipita Casuarina siku hizi naona nyumba nyingine imetolewa madirisha ya mbao imewekwa yale meupe ya plastiki ngumu, uPVC wanaita, na mimi sina ugomvi nayo kwa kweli. Kazi yangu ni kuangalia nyumba za watu hapa Malindi, wenyewe wanakuja na kaskazi, kusi ikianza washaondoka, na mchwa walivotutesa kwenye mbao najua mimi na Mungu wangu. Plastiki mchwa haili, na chumvi ya bahari haiifanyi kitu. Lakini wauzaji wanakwambia ati ukishaweka hayo basi umemaliza, hutagusa tena dirisha mpaka uzeeke, na hapo ndo nakataa.

Manake dirisha si plastiki peke yake. Ile fremu ndani ina mashimo marefu na humo mnapitishwa chuma kilichopakwa zinki cha kuipa nguvu, alafu nje kuna bawaba, skrubu, komeo, kitasa, na kama ni la kuteleza kuna vigurudumu chini. Hivo vingi ni chuma na sisi upepo wa chumvi tunao mwaka mzima. Ndo unakuta nyumba ya juzijuzi tu, fremu nyeupe inang'aa, lakini chini ya bawaba kuna michirizi ya kutu imeshuka mpaka ukutani, na mwenye nyumba anapiga simu analalamika dirisha bovu.

Na fundi akija, neno la kwanza ni "toa lote". Kuna mmoja alikuja nyumba mojawapo akatikisa dirisha la chumbani akanambia, "Mama, hili limekwisha hili, tuweke jipya." Nikamuuliza, fundi, limekwisha dirisha ama imekwisha bawaba? Akacheka, akalitazama tena, akasema bawaba. Sasa bawaba za dirisha la kusukuma nje, zile za kukunjana zinazokaa moja juu moja chini, zimeshikwa na skrubu chache tu, unazitoa unaenda nazo mkononi hardwea, si picha ya simu tafadhali, kwa sababu lazima ulinganishe urefu na pia unene wake vile zinavolala kwenye fremu, ukikosea milimita kidogo dirisha halifungi ama linafunga na kuacha mwanya. Na uliza stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu upesi, ya aina ya 316. Kuna 304 na kuna 316, dukani zinang'aa sawasawa, ila hio 316 imetiwa madini ya molibdenamu ndani yake na ndo inayoweza chumvi, 304 huku ufukweni inaota madoa ya kahawia mapema. Mimi natembea na kisumaku kidogo kwenye mkoba. Sumaku haitakwambia hii 304 ama 316, lakini ikinasa kwa nguvu ujue hicho si 304 wala 316, na ukitajiwa bei ya 316 hio ni ya wizi.

Mlango nao una mambo yake. Watu wanalalamika mlango asubuhi unafunga vizuri, saa nane mchana unagoma. Si jini, ni jua. Plastiki hii inavimba na joto kuliko mbao, mlango wa mita 2 ukipata joto la digrii 25 zaidi ya lile la alfajiri unarefuka kama milimita 3 na kitu, na ukiwa wa rangi ya kahawia iliyokoza ndo zaidi kwa sababu unanywa jua. Mafundi wa mbao wakiona hivo wanataka kupiga randa! Jamani msikubali. Ukipiga randa uPVC unafungua yale mashimo ya ndani, maji yanaingia kwenye chuma, hapo umeua mlango mzima mzima. Bawaba za milango hii nyingi zina skrubu ya kurekebishia, unaingiza alenki, kile kifunguo cha pembe sita, unazungusha kidogo, mlango unapanda ama unasogea upande, unajaribu, unazungusha tena.

Na kabla hujanunua kitasa kipya fanya hivi: acha mlango wazi, inua mkono wa kitasa, zungusha ufunguo. Ikienda laini ukiwa wazi lakini ukifunga inakwama, kitasa ni kizima, mlango ndo umelala, rekebisha bawaba. Ikiwa ngumu hata ukiwa wazi, haya, hapo ugonjwa uko ndani ya kitasa chenyewe. Ikiwa shida ni ile silinda ya kuingiza ufunguo basi ni kazi ya dakika chache, imeshikwa na skrubu moja ndefu ubavuni mwa mlango usawa wa tundu la ufunguo, unaitoa, unaingiza ufunguo unauzungusha kidogo sana mpaka ule ulimi wa katikati ujifiche, silinda inatoka yenyewe. Ipime kutoka kwenye tundu la skrubu kwenda kila upande, pande mbili si lazima zilingane, na mpya isichomoze nje kupita milimita 3 kwa sababu mwizi anaishika na koleo anaivunja.

Masika ndo unasikia "dirisha linavuja". Kaangalie chini ya fremu upande wa nje, kuna vitundu vidogo virefu. Fremu hizi maji kuingia kwenye mfereji wake ni kawaida, vile vitundu ndo njia ya kutokea, sasa nyigu wanajenga matope humo, mchanga unajaa, ama fundi wa plasta alishaviziba na simenti siku ile ile ya kwanza, maji yanajaa yanamwagika ndani sebuleni, na mwenye nyumba anaita mtu aongeze silikoni, ile gundi laini ya kuziba mianya. Silikoni ikiwekwa juu ya vitundu mambo yanazidi! Zibua na kijiti cha mbao, mwaga kikombe cha maji kwenye mfereji, uone yanatoka nje. Basi.

Milango ya kuteleza adui yake ni mchanga wa pwani, unasagika chini ya vigurudumu. Fagia reli kwa brashi ya mswaki mkavu kwanza, mafuta baadaye, ukianza na mafuta unapika uji wa mchanga. Na mafuta yawe ya silikoni ya kupuliza, haya ya kawaida ya petroli yanaharibu raba. Fremu osha na maji ya sabuni na kitambaa laini, maji matamu si ya kisima cha chumvi. Tina ya rangi, petroli, waya wa kusugulia sufuria, hivo viweke mbali, tina inayeyusha uso wa plastiki na ule uso ukishakwaruzwa unanasa uchafu milele.

Kubadilisha lote kuna wakati wake, sikatai. Pembe za fremu zimeunganishwa kwa kuyeyushwa na moto, pembe ikipasuka hakuna gundi ya kuirudisha kama ilivokuwa. Fremu ikigeuka njano na ikawa inamenyeka unga ukiigusa, hio ilikuwa ya bei rahisi na jua limeshaimaliza. Kioo cha tabaka mbili kikiingia ukungu katikati hapo bado, unabadilisha kioo, fremu inabaki.

(Ndugu zangu wa Lamu mji wa kale msinisikilize mimi, nyinyi mko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na ile milango ya kuchonga kuiweka plastiki ni dhambi.)

Ukiweka mapya msimamie fundi aache nafasi kama milimita 5 kila upande kati ya fremu na ukuta, ajaze povu la kupuliza, amalizie na silikoni, asishindilie simenti. Na ile karatasi nyembamba yenye jina la kampuni iliyobandikwa kwenye fremu ibandue wiki hio hio, watu wanaiacha ati ionekane mpya, jua linaipika, gundi inakauka humo na baada ya hapo unaikwangua kwa kucha kipande kwa kipande.