Vijiti 11 kwenye daftari

Ninawaandaa vijana wangu kwa mashindano ya kesi za biashara: unapewa kisa cha kampuni, unakichambua, unawasilisha ushauri. Jumamosi ya kwanza niliwapa kesi ya M-Pesa, kurasa 6, dakika 40. Hata dakika 5 hazijaisha, jedwali la SWOT (uwezo, udhaifu, fursa, vitisho) liko ubaoni, masanduku yote manne yamejaa. Dakika ya 10 suluhisho limepatikana: watengeneze programu ya simu. Vijana hawa hata uwape kesi ya kiwanda cha maziwa, dawa ni programu ya simu.

Nikawaambia wafunge makaratasi. Safaricom walipoanza majaribio Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaigeuza, wakawa wanatumiana hela wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ikanadiwa kuwa ni ya kutuma pesa nyumbani. "Sasa ninyi mngekuwa washauri wao 2005, mngejibu swali lipi?" Kimya.

Jumamosi iliyofuata darasani hatukuingia. Tulikwenda Manzese, Dar es Salaam, kwa dada mmoja wakala wa M-Pesa, anakaa chini ya mwavuli jirani na muuza mihogo. Kazi ilikuwa moja tu: hesabuni wateja anaowarudisha bila kuwahudumia. Kijana mmoja, yule asiyefungua mdomo darasani, kila mteja akigeuka anachora kijiti daftarini. Kwa muda wa saa mbili, vijiti 11. Na wengi wao walikuja kuweka hela, si kutoa! Dada ana noti tele, floti, yaani salio lake la kwenye simu, imeisha.

"Shangazi yangu yuko Kilosa, kazi hii hii," akasema huku akifunga mwavuli akatafute floti. "Yeye floti anayo, noti ndiyo hana."

Mjini wanaweka, kijijini wanatoa. Kurasa 6 zile hazikuwa zimelisema wazi hivyo.

Warsha ya tatu ilikuwa ya kuwasilisha: dakika 10 za kuongea, 5 za maswali. Nilimwomba rafiki yangu wa benki awe jaji, nikamsihi asiwaonee huruma. Hakuwaonea. Akauliza wakala akiishiwa floti anapoteza muda gani. Msemaji wetu, mtoto wa suti, akaanza: "Hilo ni suala mtambuka..."

"Dakika 35," ikatoka sauti nyuma yake. Daftari limefunguliwa. "Kwenda na kurudi. Tulimsubiri, madam ni shahidi. Watu 4 walikuja wakakuta kiti kitupu."

Jaji akaomba alione lile daftari.

Mashindano ni wiki ijayo, na yule kijana wa daftari ndiye atakayefungua wasilisho. Tatizo lililobaki ni koti: la kuazima tumepata, ila mikono inamfika kwenye kucha.