Nahodha wa milimita 28

Jumapili, saa tano usiku na ushee. Nje mvua, hapa Nottingham, Uingereza, Novemba hii saa kumi na moja jioni giza limeshafunga, na mi tangu nimalize kuswali isha niko mezani jikoni na taa yangu moja na kijisanamu changu, nahodha, nimembandika juu ya kichupa cha dawa ili nimshike bila kumgusa. Sijaandika humu muda mrefu, zamu za usiku zilinibana, ila leo naandika kwa sababu kuna kazi nimeifanya wiki 3 na sitaki nisahau ilivyokwenda.

Kwa ambao hamjui, mi napaka rangi vijisanamu. Vile vya michezo ya mezani, ya vita na ya hadithi, mtu kamili na mkanda wake na vifungo vya shati, na toka unyayo mpaka macho ni milimita 28 tu. Ukikaa mji huu hii kitu lazima ikupate. Games Workshop, wale wa mchezo wa vita wa Warhammer, walianzia London mwaka 1975, ila Citadel, upande wa kutengeneza vijisanamu, ulianzia Newark hapa jirani, na leo makao makuu yao yako Lenton, ni hapa hapa mjini. Na wachongaji waliopita pale wengi wakafungua kampuni zao humu humu, mpaka wapenzi wa michezo hii wakaliita eneo hili ukanda wa risasi, risasi yale madini, maana vijisanamu vya zamani vilikuwa vinamiminwa kwa risasi na bati.

Aliyenivuta ni mwenzangu kazini, kwake kila Alhamisi wanacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa hadithi ambao kila mtu anaigiza mhusika wake. Nikaambiwa chagua mhusika, nikasema nahodha, sikufikiria hata sekunde. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi Pangani, anapakia boriti na nazi anavuka kwenda Unguja, anangoja kusi na kaskazi kama sie tunavyongoja daladala. Amefariki nikiwa na miaka 6. Ninachokumbuka ni sauti yake na harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki, aliyokuwa akipaka chombo.

Kijisanamu chenyewe nilikipata kwenye boksi la mitumba sokoni, cha chuma, cha zamani, nahodha wa maharamia shati wazi kifuani na likofia pana lenye manyoya. Likofia nikalikata kwa msumeno mdogo, alafu nikamfinyangia kofia yetu kwa udongo wa epoksi, ule unakuja mistari miwili, bluu na njano, unakanda mpaka unageuka kijani, una kama saa moja ya kuuchezea kabla haujaanza kukaza. Jamani ukikata chuma cha zamani namna hiyo usivute vumbi lake, na ukimaliza nawa kwa sabuni, ina risasi mle, hili nalisema kwa uzito kabisa hasa kwa wenye watoto nyumbani.

Sasa ngozi. Hapa ndo pamenikalisha wiki 3.

Seti ya kwanza niliyonunua nilipoanza ilikuwa na kichupa kimeandikwa rangi ya ngozi, nikafungua, ni rangi ya mzungu. Nilikaa nakiangalia kile kichupa muda. Haikuniuma sana siku ile ila ilibaki, na nikija kuangalia vijisanamu vyangu vya mwaka wa kwanza vyote ni wazungu, si kwa sababu nilitaka, ni kwa sababu kichupa kilisema hiyo ndo ngozi na mafunzo yote niliyofuata yalianzia hapo. Kwa hiyo nilivyofika kumpaka huyu nahodha awe babu sikuwa najua. Mtu mweusi nimezaliwa kati ya weusi, na nilikuwa sijui uso wa mtu mweusi una rangi gani.

Jaribio la kwanza nilichukua kahawia iliyoiva nikapaka, kivuli nikatia nyeusi, sehemu za mwanga nikachanganya ile kahawia na nyeupe kama nilivyozoea. Akatoka mtu amepauka. Amepauka kabisa, yaani kama mtoto ametoka kuoga hajapakwa mafuta, ule mpauko ambao mama akikuona nao anakurudisha ndani. Nyeupe ukiichanganya na kahawia inaleta jivu, joto lote la ngozi linakufa. Nikamtumbukiza kwenye spiriti usiku kucha nikamsugua kwa mswaki, nikaanza upya.

Jaribio la pili lilikuwa afadhali lakini halikuwa mtu, lilikuwa kahawia tu. Ndo nikagundua tatizo si mkono, tatizo sijui namtafuta nani. Picha ya babu tunayo moja, nyeusi na nyeupe, kasimama ufukweni kakunja uso kwa jua. Nikamtumia mama voisi noti, shikamoo mama, hivi babu alikuwa mweusi wa namna gani?

Mama kwanza akauliza sanamu za nini mwanangu, tukaliongea hilo, nikamweleza ni za kuchezea, hatuzitukuzi, akaridhika. Alafu akanyamaza siku nzima. Kesho yake ikaja voisi ya dakika 9. Babu yako, akasema, alizaliwa maji ya kunde. Ukimwona kifua ni maji ya kunde, ukimwona uso na mikono utasema mtu mwingine, bahari ndo ilimpika. Na akivua kofia kutawadha kuna mstari hapa juu ya paji, utadhani umechorwa, chini mweusi, juu mwekundu. Na shingo ya nyuma ndo nyeusi kuliko pote kwa sababu alikuwa akiinama kwenye kamba. Na viganja vyake vilikuwa havina rangi, vimeliwa na kamba.

Niliisikiliza mara nne. Hakuna mafunzo yoyote yangenipa hiyo.

Basi nikaanza. Nimempulizia praima nyeusi, ile rangi ya kwanza ya kushikisha zingine, mwili mzima, alafu nyeupe kidogo kutoka juu peke yake, ili mwanga ukae pale ambapo jua la saa sita lingekaa. Rangi zangu naziweka kwenye kikontena cha chakula, chini sponji imelowa, juu karatasi ya kuokea, hazikauki hata siku mbili. Kifua nikaanza na kahawia yenye wekundu, nikapandisha kwa kuongeza manjano iliyoiva, ile ya udongo, hakuna nyeupe hata tone. Na kweli ikatoka ile rangi, maji ya kunde, maji yenyewe yalivyo ukichemsha kunde ukayamwaga kwenye bakuli. Nimelisema hili neno maisha yangu yote, sijawahi kuliona mpaka wiki hii.

Uso nikaushusha. Kahawia ile ile ila na zambarau ndani yake, vivuli vya chini ya taya na pembeni ya pua nikatia bluu nzito badala ya nyeusi, na ngozi ikawa na kina, sijui nisemeje, ukiangalia jicho linaingia ndani badala ya kugonga ukutani. Mashavu nikarudisha wekundu kidogo. Tabaka jembamba, jembamba, linakauka, lingine, nadhani yamefika 12 au zaidi. Alafu mng'ao. Ngozi nyeusi inang'aa kuliko watu wanavyodhani, mwanga wake si mpana, ni mdogo na mkali, unakaa kwenye paji, ncha ya pua, mfupa wa shavu, na kama uko nje una ubluu wa mbingu ndani yake. Nimeweka vinukta vitatu tu kwa brashi iliyobaki na ncha nzuri na pale pale akawa ametokwa jasho, yuko juani, yuko kazini. Niliweka brashi chini nikasimama nikaenda dirishani.

Macho sikuyapaka meupe. Kwa udogo ule nyeupe inamfanya mtu aonekane ameshtuka, na isitoshe babu kwenye picha amefinya macho, kwa hiyo ni mstari mmoja mweusi kila upande. Viganja nimevipandisha mpaka karibu na rangi ya mchanga. Na chini ya ukingo wa kofia nimeacha uzi mwembamba wa maji ya kunde, ule mstari wa mama. Ukimshika mbali huuoni. Mi naujua upo.

Leo baada ya magharibi nikampiga picha karibu na taa nikamtumia mama. Tiki mbili za bluu, kimya. Robo saa. Alafu akapiga simu, akawa anapumua tu mwanzoni, akasema mikono ni yake. Akasema tena, mikono ni yake hasa. Nikadhani kamaliza, nikataka kumuuliza dada anaendeleaje, akasema ila mwanangu umemvalisha kofia nyeupe tupu, baba hakuvaa nyeupe tupu. Alikuwa na ya viua, bibi yako ndo alimshonea, ilimchukua miezi, tundu moja moja kwa sindano mkononi.

Kofia yangu ina kimo cha milimita 3.

Kwa hiyo ndo niko hapa saa hizi. Sponji nimeilowesha tena, nimechanganya hudhurungi nyepesi na maji mpaka imekuwa kama chai, brashi namba 0, kiwiko nimekiegemeza mezani, navuta pumzi naishika ndo naweka nukta moja. Zikigusana nafuta kwa unyevu naanza mstari ule tena. Upande wa mbele nimefika nukta 22. Kesho zamu yangu inaanza jioni, nitaamka mapema nifanye wa nyuma.