Pande Mbili za Meru, Orodha Moja ya Ndege

Mtu anayeishi Arusha na kuandika orodha ya ndege hufika mahali ambapo bustani, mashamba ya kahawa na kingo za mito ya mjini haziwezi tena kumpa jina jipya. Nilipofika hapo, wenzangu walinishauri niende Usambara. Mimi niliona kwamba mlima ulio juu ya vichwa vyetu ulikuwa bado haujamalizwa. Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, hupata mvua nyingi upande wa kusini na mashariki, ilhali kaskazini yake hubaki kavu, kwa hiyo kwa mwendo wa saa chache tu kwa gari mtu huacha nyanda za nyasi fupi na kuingia katika msitu wenye unyevu, ambako ndege ni wengine kabisa.

Nilipanga kuanza na upande mkavu, kwa sababu za saa zaidi kuliko za umbali. Kwenye nyanda, jua likishapanda, hewa iliyo juu ya ardhi huanza kutetemeka na darubini nzuri kiasi gani haikuonyeshi kitu. Msituni na ziwani unaweza kuvumiliwa hata ukichelewa kidogo. Tuliondoka kabla ya alfajiri kwa barabara ya Namanga, tukapita Ngaramtoni na Oldonyo Sambu, na kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha fika Engikaret.

Niliyemfuata huko ni kipozamataza wa Beesley, ndege mdogo wa nyasini ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye nyanda hizi za kaskazini mwa Tanzania, na ambaye jamaa zake wa karibu wako kusini mwa Afrika, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Ugumu wake ni kwamba uwanda ule una vipozamataza wa aina kadhaa, wote wa rangi ya vumbi, na wote hukaa chini. Kijana wa Kimaasai aliyetuongoza kwa malipo tuliyokubaliana alinirahisishia kazi kwa maneno machache: "Kaka, usihangaike na anayeruka. Tafuta wanaotembea pamoja." Ndivyo ilivyokuwa. Walitokea katika kikundi kidogo, wakikimbia hatua chache kisha kusimama wima, kifua mbele, na hapo nikahakikisha alama moja baada ya nyingine: mdomo mrefu uliopinda kidogo, mkia mfupi wenye ncha nyeupe, na ukucha mrefu wa kidole cha nyuma, ambao niliuona vizuri ndege mmoja alipopanda juu ya kinyesi kikavu cha ng'ombe. Nyasi zilikuwa zimeliwa na mifugo hadi kuwa fupi sana, hali inayomfaa ndege huyu. Anayedhani kwamba kila uwanda ulio na ng'ombe umeharibika angefaa apelekwe pale.

Kwa kuwa gari letu lilikuwa Noah ya kawaida, hatukujaribu njia za vumbi za nyuma ya mlima, bali tulirudi mjini kwa lami, tukaenda kulala Usa River. Lango la Ngongongare la Hifadhi ya Taifa Arusha lilipofunguliwa asubuhi, tulikuwa pale na kiingilio cha raia mkononi.

Msituni kanuni yangu ilinigharimu muda, kwa maana siandiki ndege niliyemsikia tu. Shorobo wa Hartlaub alilia juu yetu kwa muda mrefu kabla ya kuvuka barabara na kufunua mabawa mekundu. Wekundu huo ni rangi halisi yenye madini ya shaba ndani yake, na hupatikana kwa jamii ya shorobo peke yao. Hondohondo wa mashavu ya fedha hawakuhitaji subira yoyote, kwani kelele zao na kishindo cha mabawa huwatangulia.

Kwenye maziwa ya Momella heroe walikuwa wengi, lakini walikuwa tayari kwenye orodha yangu, nami nikawapita. Maji ya maziwa yale yana magadi, na kila ziwa lina rangi yake, hivyo inafaa kusimama kwenye kila moja badala ya kuridhika na lile lenye heroe wengi. Katikati ya vibisi nilimpata bata wa Maccoa, dume mwenye mwili wa hudhurungi na mdomo wa buluu, ambaye kila nilipomwelekezea darubini alizama na kuibuka mahali pengine.

Kuna kipozamataza mmoja wa Engikaret ambaye sikumwandika. Nilimwona akiwa peke yake, akiupa mgongo mwanga, na mkia wake sikuuona. Nimemchora kwenye daftari bila jina, na nimekwisha kupatana na yule kijana kwamba nitarudi kabla ya masika kurefusha nyasi.