McGillycuddy: kumbe niliwafuta mwenyewe

Imekubali! Wiki tatu nagombana na jedwali langu la sensa ya Ireland ya 1901, na mchawi alikuwa nafasi tupu baada ya "Mc".

Kwa anayejiunga leo: natafuta akina McGillycuddy, ukoo mdogo wa kaunti ya Kerry, tawi la O'Sullivan. Safu ya milima yenye Carrauntoohil, kilele kirefu kuliko vyote Ireland, inaitwa kwa jina lao. Kwa Kigaeli ni Mac Giolla Mochuda, na Mswahili halimpi shida: Mac ni bin, giolla ni mtumishi, Mochuda ni mtakatifu wa karne ya 7 aliyeanzisha monasteri ya Lismore. Lisome kama bin Abdul-fulani, basi. Mwanamke naye hawi Mac, anakuwa Nic, yaani binti.

Sasa kero yenyewe. Soundex, mfumo unaogeuza jina kuwa msimbo kwa jinsi linavyosikika, inampa McGillycuddy M242. McLoughlin je? M242 hiyo hiyo! Na akina McLoughlin Ireland wamejaa kama utitiri. Soundex inabeba herufi ya kwanza na tarakimu tatu tu, kwa hiyo zile "dd", ambazo ndizo zingemtambulisha mtu wangu, hazifikiwi. Nikawa nakesha nikichambua McLoughlin kama mchele wenye mawe, na bado nyumba nilizoziona kwa macho yangu kwenye fomu zilizoskaniwa hazikutokea.

Jana usiku nikapanda hadi juu ya jedwali la awali, safu ya ukoo. Mstari mmoja: "Mc". Basi. Safu ya pili, jina la kwanza: "Gillicuddy". Fomula yangu mwenyewe ilikuwa inakata kila penye nafasi! Na "Mc" peke yake msimbo wake ni M200. Lile rundo la M200 nililidhania takataka, nikalifuta siku ya pili ya mradi. Nilicheka, halafu nikatukana.

Soundex nimeitupa. Ni kitu cha Marekani, hataza yake ni ya 1918, na majina ya Mac haiyawezi. Sasa naanzia mkiani: chochote chenye "cudd" kinaingia. Wanakuja na Cuddihy, ukoo mwingine kabisa, lakini hao nawatoa kwa jicho kabla chai haijapoa.

Leo nilipanga kupaka rangi ramani kwenye QGIS, programu ya ramani. Sijaigusa. Nimekumbuka kwamba ukoo mwingine wa Mac Giolla, Mac Giolla Rua, huku ni McElroy, kule ni Kilroy. Kwa nini wa kwangu nao wasiwe wamejificha hivyo? Sensa za nyuma hazisaidii, nyingi ziliungua Dublin 1922 na nyingine serikali ilishaziharibu yenyewe. Nimefungua orodha ya kodi ya Griffith, 1847 hadi 1864. Inataja wakuu wa kaya tu, sawa, lakini ipo.

Mchapaji wa enzi hizo kaandika M'Gillycuddy. Fomula imeona hiyo alama ya juu, imegoma.