Nilivyoongoza mtandao wa madaktari wa nje wa maveterani huku Marekani

Watu wakisikia nafanya kazi VA, yaani wizara ya maveterani ya Marekani, wanajua nipo wodini nachoma sindano. Nilianzia huko kweli, nesi wa zamu za usiku, lakini sasa hivi naongoza ofisi ya Community Care, yaani ya maveterani wanaotibiwa nje kwa hela ya VA, ya hospitali yetu na vituo vyake vya vijijini, na manesi wenzangu Waswahili wanaotaka kutoka wodini huwa wananiuliza sana hiyo kazi inafanywaje na unaishije nayo bila kuumwa presha. Basi ngoja nieleze nilivyofanya mimi. Jimbo silitaji, ila ni kule kwenye mashamba makubwa na theluji, unaweza ukaendesha gari muda mrefu hujaona hata taa moja ya barabarani.

Kazi yenyewe ni hivi. Mwanajeshi wa zamani aliyesajiliwa VA anatibiwa kwenye hospitali za VA zenyewe, lakini akiwa anakaa mbali au foleni ikiwa ndefu serikali inamlipia akatibiwe nje, kwa madaktari wa kawaida tu. Haya mambo hayakuanza jana. 2014 ilitoka kashfa ya hospitali ya VA ya Phoenix, Arizona, ikabainika kuna orodha za siri za wagonjwa wanaosubiri ili takwimu zionekane nzuri, waziri Eric Shinseki akajiuzulu mwezi wa tano, na mwezi wa nane Obama akasaini sheria ya Choice: ukikaa zaidi ya maili 40 kutoka kituo cha VA au ukisubiri zaidi ya siku 30, nenda nje. Ile ilikuwa na vurugu zake, ikaja sheria mpya, MISSION Act, iliyosainiwa Juni 6, 2018 na kuanza kutumika Juni 6, 2019. Kipimo cha sasa ni muda wa kuendesha gari na siku za kusubiri. Daktari wa kawaida au wa afya ya akili ni wastani wa dakika 30 barabarani au siku 20, daktari bingwa dakika 60 au siku 28, ukizidi hapo una haki ya kuomba nje. Halafu kuna kipengele ninachokipenda kuliko vyote, kwamba wewe na daktari wako mkikubaliana kuwa kwenda nje ndiko kuna faida kwa afya yako basi unakwenda hata kama nyumba yako inatazamana na geti letu, na tangu 2025 hakuna tena habari ya daktari wa pili wa VA kupitia uamuzi huo.

Sasa hao madaktari wa nje sio waajiriwa wetu. Nchi imegawanywa kanda tano, na kampuni mbili, Optum na TriWest, ndizo zenye mikataba ya kuwaingiza kwenye mtandao na kuwalipa, kwa bei ambazo kwa kawaida zinafuata zile za Medicare, bima ya serikali ya wazee. Sisi wa hospitalini tunatoa rufaa, tunapanga miadi, tunahakikisha ripoti zinarudi. Kwa hiyo unaambiwa wewe ni kiongozi ila huna unayeweza kumfukuza wala kumwongezea hela. Unachobaki nacho ni simu na heshima.

Nilipokabidhiwa ofisi nilikuta rundo. Rufaa zimelala kwenye mfumo hazina miadi, simu zinalia, na wapangaji wangu wa miadi kila mmoja kagawiwa herufi, wewe maveterani wa A mpaka F, wewe G mpaka L. Kwa kuangalia ni haki bin haki, ila matokeo yake mtu mmoja asubuhi anapigia kliniki ya macho, saa nne anapigia ya mgongo, mchana ya moyo, na kila akipiga anajitambulisha upya kwa karani asiyemjua, karani naye anamwambia subiri kwenye laini. Na ile orodha ya kwenye kompyuta inakuonyesha madaktari wa ngozi kadhaa ndani ya saa moja, ukipiga huyu kastaafu, huyu hapokei wagonjwa wapya, huyu anapokea ila miezi minne ijayo, huyu kahama mji na namba wamepewa watu wa maua. Sitanii, tulikuwa tunapigia duka la maua.

Nikafuta herufi. Nikagawa kwa aina ya ugonjwa na eneo, ili mpangaji mmoja azoeane na kliniki zilezile kila siku. Mmoja wao, sajenti mstaafu (ofisi zetu zimejaa maveterani, hilo watu hawalijui), alinibishia hapohapo kwenye mitingi: "Bosi, watu wa mgongo na magoti ni wengi mara ngapi kuliko wa macho, nani atabeba mgongo?" Alikuwa na hoja. Mgongo na magoti nikaweka watu wawili, yeye akiwa mmoja wao maana mtu anayejua uzito wa begi la jeshi anaongea na hao wagonjwa vizuri kuliko mimi, na wa macho nikamwongezea masikio. Baada ya muda nikawa nawasikia wanavyoongea kwenye simu, sio tena "napiga kutoka ofisi ya", ni "habari ya wewe, yule mtoto kashapona?" Hapo nikajua tunakoenda ni kuzuri, kwa sababu karani anayekujua ndiye anayekupigia mtu mwingine akifuta miadi ya Alhamisi, na hiyo nafasi ya Alhamisi haionekani kwenye mfumo wowote duniani.

Lakini kilichonifungua macho zaidi ni bili. Kulikuwa na kliniki ndogo ya mazoezi ya viungo kwenye mji mdogo, ya pekee eneo lile, wakatuma ujumbe kwamba hawapokei tena wagonjwa wetu. Nikaendesha nikaenda mwenyewe. Karani wa bili alikuwa mama mtu mzima, kanipokea kwa adabu ila uso umekunjwa, akanitolea faili limejaa bili zilizorudishwa. Tukakaa kwenye meza yake tukaanza kuzipitia moja moja. Kwenye fomu ya bili kuna kisanduku namba 23, humo ndimo inatakiwa ikae namba ya rufaa ya VA. Zake nyingi kisanduku kilikuwa kitupu, na zingine ameandika namba ya mgonjwa. Zingine namba ipo sawa lakini mgonjwa aliendelea kuja wakati idhini ya VA ya kumtibu imeshakwisha, na wao hawakujua kama ina mwisho. Hakuna aliyewahi kumwelekeza huyu mama, anadaiwa kodi ya jengo na huku anahisi serikali inamdhulumu. Muda wa kuleta bili ni siku 180 toka siku ya huduma, kwa hiyo nyingi zilikuwa bado ziko hai, akazijaza upya akazituma na hela ikaingia.

Mliokuwepo Bongo Machi 2024 mnakumbuka hospitali binafsi zilipogoma kupokea kadi za NHIF, bima ya afya ya taifa, kwa sababu ya bei mpya, watu wana kadi mkononi na hawana pa kwenda. Mtandao wa madaktari unavunjika hivyohivyo popote, hela ikisuasua. Tofauti ni kwamba huku hawagomi kwa pamoja wala hakuna anayetangaza, kila kliniki inachoka kivyake, kimyakimya, wewe unakuja kugundua siku unayotafuta miadi.

Tangu siku ile nikawa naanza na makarani wa bili kabla sijaanza na madaktari. Tulitengeneza ukurasa mmoja tu, karatasi moja, namba ya rufaa inakaa wapi, idhini inaisha lini, bili inapelekwa wapi, mgonjwa akihitaji zaidi mfanyeje. Hilo la mwisho lina fomu yake, 10-10172, ambayo daktari wa nje anajaza akitaka kuongeza vipindi au kuomba kipimo kama MRI ambacho hakipo kwenye idhini ya kwanza. Kliniki nyingi zilikuwa zinaituma baada ya idhini kuisha, mgonjwa wa goti anakaa nyumbani wiki kadhaa goti linakakamaa upya. Sasa wapangaji wangu wanaangalia idhini zinazokaribia kuisha na kupiga simu mapema, "mama, huyu mzee mnaendelea naye? Basi leta fomu leo." Kazi ya dakika mbili. Na ndiyo, faksi bado zipo, nchi iliyopeleka mtu mwezini inatibu watu wake kwa faksi, tumezoea.

Kingine ni ripoti kurudi. Mimi hapa nina msimamo na nimegombana na watu: mgonjwa akienda nje bado ni wetu. Daktari wa nje akimwona halafu maandishi hayarudi, daktari wake wa VA anaendelea kumpa dawa gizani. Hata dawa zina utaratibu, daktari wa nje anaweza kuandika za haraka zisizozidi siku 14 zikachukuliwa famasi ya nje iliyo kwenye mtandao, za muda mrefu zinatakiwa zitoke famasi ya VA. Uzuri wake ni kwamba mfamasia wetu anaona kila kitu, mzee anayetumia dawa za kuyeyusha damu hapewi kitu kinachogongana nazo. Nesi mmoja nilimtoa kwenye kazi zote nyingine, kazi yake ikawa kukimbizana na ripoti tu. Mabosi walinung'unika, nesi mzima unamweka kuomba karatasi? Nikawaambia karani akiomba anaambiwa tutatuma, nesi akiomba anauliza presha ilikuwa ngapi na ganzi walitumia ipi, wanatuma.

Kuna kijana mmoja Mtanzania, aliingia jeshini kwa ule mpango wa MAVNI uliochukua wageni wenye lugha adimu, Kiswahili kikiwemo. Alinipigia baada ya kuambiwa na mtu kwamba kuna dada yupo VA. "Shikamoo dada." Marahaba, vipi? "Dada mimi bega linaniua, nimeona hospitali nzuri hapa karibu, naingia tu nawaambia mimi veterani si ndio?" Nikamwambia usithubutu mdogo wangu. Bila rufaa iliyoidhinishwa bili inaweza ikakurudia wewe na bili za huku mnazijua. Piga kwa daktari wako wa VA, mwambie nataka tuangalie kama nina sifa za Community Care, akutolee rufaa, subiri miadi ithibitishwe, ndio uende. Kwa homa na vidonda vidogo sawa, kuna kliniki za haraka zilizo kwenye mtandao, ukiwa umesajiliwa na umetibiwa VA ndani ya miezi 24 unaingia bila rufaa. Ikiwa dharura kabisa, unaona maisha yako yapo hatarini, nenda emajensi yoyote iliyo karibu, usimpigie mtu kuomba ruhusa, ila VA wapewe taarifa ndani ya saa 72 toka uanze kutibiwa, na usiiachie hospitali peke yake, mwambie mkeo naye apige.

Na kwa walio na ndugu waliotoka jeshini, hili lishikeni: tangu Januari 17, 2023, veterani aliye kwenye hatari ya kujiua anaweza kwenda hospitali yoyote, ya VA au isiyo ya VA, akatibiwa bila kulipa, mpaka siku 30 akilazwa na siku 90 za kliniki, na wengi wanastahili hata kama hawajasajiliwa VA. Simu ni 988 halafu bonyeza 1.

Kuna wanaosema hela zote hizi zinazokwenda nje zinaua hospitali za VA, na kuna wanaosema fungua milango yote kila mtu aende anakotaka. Mimi nipo katikati na sioni aibu. Nje sio lazima kuwe haraka, kwetu kuna wakati daktari wa moyo wa VA ana nafasi wiki ijayo na wa nje mwezi ujao, na mgonjwa ana haki kuambiwa zote mbili ndio achague. Nimewakataza watu wangu kumsukuma upande wowote.

Rundo la rufaa limepungua sana, miadi inapangwa, yule mama wa bili sasa hivi anawafundisha wenzake wa mji wa pili namna ya kujaza. Afya ya akili ndiyo bado inanitoa jasho, vijijini madaktari wa akili hawapo, wa VA hawapo na wa nje hawapo, kwa hiyo hapo hata karani umpende vipi hana nafasi ya kukupa. Tunachofanya ni video, veterani anakaa kwenye kituo chetu kidogo au kwake kama intaneti inashika, daktari yupo mji mwingine kabisa. Wazee walikataa mwanzoni, hawataki kulia mbele ya skrini. Wengine wamekubali kwa sharti moja, kikao cha kwanza wamwone daktari ana kwa ana, ndio tunatafuta hela ya mafuta ya kumsafirisha.