Mbona Umetenda Hivi?

Wapendwa katika Bwana, wiki hii moyo wangu umelemewa na ombi moja lililoletwa katika kundi letu la maombi. Mama mmoja alitusihi tumwombee mwanawe mwenye umri wa miaka 14 ambaye, kwa maneno yake, amemshinda: anatoroka shule, anachukua pesa za nyumbani bila ruhusa, na akikanywa anajibu kwa ujeuri. Kabla ya jioni majibu yalikuwa yamejaa. Wengine walishauri achapwe hadi akome, na mmoja akasema apelekwe kituo cha polisi alale ndani usiku mmoja ili aijue dunia. Wengine walisema kwamba watoto wa siku hizi hawaguswi kwa sababu sheria iko upande wao, basi mama apige magoti na kumwachia Mungu. Pande zote mbili zilinukuu Maandiko, na zote zilimalizia kwa Amina. Nimelala na kuamka na majibu hayo, na linalonichoma ni kwamba katika maneno yote yale hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini kijana huyo hataki kwenda shule.

Tunaijua habari ya Adoniya, mwana wa Daudi, aliyejitwalia ufalme baba yake akiwa mzee asiyepata joto hata akifunikwa nguo, akajiwekea magari na wapanda farasi na watu hamsini wa kupiga mbio mbele yake. Katikati ya habari hiyo mwandishi wa kitabu cha Wafalme anatuonyesha ilikoanzia: "Wala babaye hakumchukiza wakati wowote, na kumwambia, Mbona umetenda hivi?" Daudi alimwangusha Goliathi na kuyatiisha mataifa ya jirani, lakini hakuwahi kumkalisha mwanawe huyu na kumuuliza swali hilo moja. Alikwisha kumpoteza mwanawe Amnoni, alikwisha kumlilia mwanawe mwingine Absalomu, na mimi naamini kwamba machozi ya wale wawili ndiyo yaliyomfanya aogope kumuudhi huyu. Hofu hiyo ipo majumbani mwetu. Mtoto anaingia na simu ambayo mzazi hakuinunua, na hakuna anayeuliza. Binti anarudi usiku umekwenda sana, mlango unafunguliwa, chakula kinapashwa moto, na kila mtu analala akiwa na mawazo yake, kwa sababu mzazi ameona afadhali amani ya usiku ule kuliko ukweli utakaomkosesha usingizi.

Upande wa pili yuko Sauli, mfalme aliyemtangulia Daudi, na kwake hatufiki mara nyingi tunapofundisha kuhusu malezi. Mezani, siku ya pili ya mwezi mwandamo, Yonathani alimuuliza baba yake swali la haki kuhusu Daudi: kwa nini auawe, amefanya nini? Sauli alikuwa amekwisha kumtukana Yonathani kwa kumtaja mama yake, na sasa jibu la swali likawa ni mkuki. Yonathani akaondoka pale mezani kwa hasira kali, wala hakula chakula siku ile. Baba huyu alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana, alikuwa na mamlaka halali juu ya nyumba yake, na bado mkono wake ulipoinuka haukuwa ukimrudi mtoto. Ulikuwa ukiituliza hasira ya mfalme aliyeona kiti chake kinayumba. Mzazi anayenyanyua waya wa pasi kwa sababu majirani wa ploti nzima wamesikia mwanawe akimjibu vibaya, na kwa hiyo ameaibika, ameketi penye kiti cha Sauli.

Basi Daudi aliyenyamaza na Sauli aliyerusha mkuki, ambao tunawaona kuwa kinyume kabisa, wamekutana mahali pamoja: wote wawili walilikwepa lile swali. Kunyamaza ni njia ya kulikwepa, na kuchapa kabla ya kusikia ni njia nyingine.

Tazameni sasa jinsi Baba yetu wa mbinguni alivyofanya na watoto wake wa kwanza. Yeye ajuaye yote, ambaye hakuna kilichofichika mbele zake, aliingia bustanini akiuliza. "Uko wapi?" Akauliza tena ni nani aliyemwambia Adamu kuwa yu uchi. Akamgeukia mwanamke naye akamuuliza ni nini hili alilolifanya. Hakuhitaji habari kutoka kwao. Alikuwa akiwapa nafasi ya kusimama mbele yake na kusema. Kaini alipokunja uso, Mungu alimuuliza kwa nini ana ghadhabu, na alimuuliza kabla damu haijamwagika, wakati ambapo bado palikuwa na nafasi ya kugeuka. Na baada ya kuuliza, Bwana hakuacha kuadhibu. Adamu na Hawa walitoka Edeni, na mlango ukalindwa nyuma yao. Hakuna anayeweza kusema kwamba Mungu alilea kwa kudekeza. Lakini kabla hawajatoka aliwafanyia mavazi ya ngozi akawavika kwa mkono wake, na Kaini alipohukumiwa kuwa mtoro duniani alitiwa alama ili yeyote amwonaye asimwue. Adhabu ya Mungu ilikuwa na mpaka, na mpaka huo aliuweka Mungu mwenyewe. Mkosaji alibaki chini ya ulinzi wa yule yule aliyemhukumu. Ndugu zangu, nyumba ngapi kati yetu zingeponywa kama mtoto aliyekosa angejua kwamba ataulizwa, ataadhibiwa, kisha atavikwa nguo na mtu yule yule, usiku ule ule?

Nisemalo nalijua pia kwa maisha yangu. Namlea kijana wa marehemu dada yangu, aliyekuja Nairobi kutoka Ukambani akiwa ameanza kubalehe. Baada ya muda nikapata habari kwamba anatoka nyumbani na sare lakini shuleni hafiki. Anashinda steji ya matatu akiwaitia makanga abiria, na jioni anarudi na mkoba wake kama kawaida. Kisha pesa nilizokuwa nimeweka za gesi zikapungua. Walionizunguka waliniambia kwamba kijana huyu anahitaji mkono wa mwanamume, na wengine wakanikumbusha kuwa si mwanangu wa kumzaa, basi nimrudishe kwa nyanya yake kabla hajaniletea makubwa. Nilimkalisha nikamuuliza, akanyamaza. Nikamuuliza siku nyingine, akanidanganya. Nilikwenda kwa mwalimu wake wa darasa, nikazungumza na wanafunzi wenzake wawili anaokaa nao karibu, na polepole ikatoka kwamba kila alipofungua mdomo darasani walimcheka kwa lafudhi yake na kwa kutojua Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, hata akaacha kujibu maswali, na asiyejibu akaonekana mjinga, na aliyeonekana mjinga akatafuta mahali ambapo hakuna amchekaye. Steji walimpokea.

Je, niliacha kumrudi kwa sababu nimejua kisa chake? La. Pesa zilikuwa zimechukuliwa, na uongo ulikuwa umesemwa. Alizirudisha kidogo kidogo kutoka katika zile anazotumiwa na mjomba wake, simu yake niliiweka kabatini mpaka muhula ukaisha, na mbele ya mjomba huyo akasema kwa kinywa chake alichokifanya. Lakini mwalimu naye alisema na darasa, na kijana akabadilishiwa kiti. Kumuuliza kuliniwezesha kuadhibu kosa lililokuwepo badala ya kosa nililolidhania. Bado hajafika, nimeitwa shuleni tena tangu wakati huo kwa jambo jingine, na nitaitwa tena. Sitawadanganya kwamba swali moja linamgeuza mtoto. Kuhani Eli naye aliwauliza wanawe kwa nini wanatenda mambo yale, na swali lake likaanguka chini, kwa sababu, kama Bwana alivyomwambia Samweli, hakuwazuia. Baada ya swali lazima mzazi afanye jambo ambalo mtoto atalihisi.

Najua andiko ambalo wengi mmekwisha kulishika mkononi mnaposoma haya: "Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe, bali yeye ampendaye humrudi mapema." Siliogopi andiko hili wala sitaki lipunguzwe. Nataka lisomwe hadi mwisho. Linamtaka mzazi arudi mapema, na mapema ni wakati mtoto wa miaka minne anapomtukana dada wa kazi huku sisi tukicheka. Ni wakati wa uongo wa kwanza na shilingi kumi ya kwanza. Mzazi aliyeacha miaka kumi ipite kimya, kisha akashika kiboko mtoto alipomfikia kimo, hawezi kusema kwamba analitii neno hilo. Tena kitabu hicho hicho cha Mithali kinatuambia tumrudi mwana kwa sababu liko tumaini. Mzazi anayempiga mtoto huku akitamka kwamba atakuwa mwizi kama fulani, kwamba hatafika popote, amekwisha kuliondoa tumaini, na kipigo kilichobaki hakina Mithali ndani yake.

Mamlaka yetu juu ya watoto ni amana. Paulo aliwaandikia Waefeso na Wakolosai katika ulimwengu wa Kirumi, ambamo sheria ilimpa baba mamlaka hata juu ya uhai wa mtoto wake, na mtoto mchanga aliyekataliwa aliweza kuachwa nje afe. Katika ulimwengu huo Mtume akathubutu kuwaambia akina baba, "msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa." Hata Torati, ambayo ni kali kwa mwana mkaidi na mwasi, haikumwachia baba ahukumu peke yake chumbani: baba na mama walitakiwa wamtoe pamoja mpaka kwa wazee wa mji, langoni, waseme mbele ya watu. Kwa hiyo sielewi Mkristo anayelalamika kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 imemnyang'anya mtoto wake. Kifungu cha 53 kinamlinda mtoto dhidi ya ukatili na adhabu za kinyama, na kifungu hicho hicho kinasema ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba baba na mama wana wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kifungu cha 29 kinamkinga kila mtu na adhabu ya viboko. Kuhusu kumpeleka mtoto akalale kituoni ili ajifunze, Katiba inasema mtoto asizuiliwe ila pale ambapo hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima. Hakuna mahali ambapo sheria hizi zimekukataza kumnyima simu, kumsimamia alipe alichoharibu, kumfungia safari ya sherehe, au kumwamsha alfajiri afue sare alizochafua kwa utoro. Zimekuzuia kumuumiza, na mwenye watoto, ambaye ni Bwana, alikuzuia kabla ya Katiba.

Hapa nina neno kwa akina baba, na mnipokee kama dada yenu. Nyumba nyingi katika mji huu zinaishi kwa tishio moja: ngoja baba yako arudi. Baba ametoka kabla ya jua kuelekea Viwandani au mjini, amekaa kwenye msongamano wa magari kwa muda wa saa mbili, anaingia amechoka na ana njaa, na kabla hajavua viatu anakabidhiwa kesi ya siku nzima aitolee hukumu. Hajui kilichotokea, hajui mwalimu anaitwa nani, hajui rafiki wa mwanawe anakaa wapi, na kitu pekee anachoombwa ni mkono wake. Akina mama, acheni kuwafanya waume zenu kuwa kiboko cha nyumba. Akina baba, ikataeni kazi hiyo. Mwambie mtoto kwamba mtazungumza kesho, ukalale, na kesho uzungumze kweli. Aliyepewa amri ya kulea katika adabu na maonyo ya Bwana ni wewe kwa jina, na maonyo yanahitaji mtu aliyekuwepo. Na kama humjui mwanao kiasi cha kumuuliza swali akakujibu, anza na hilo kabla hujafikiria adhabu.

Kwa wazee wa kanisa na wakuu wa vikundi vya nyumbani, lango la mji sasa liko kwenu. Mzazi akija kusema kwamba mtoto amemshinda, msimrudishe kwa maombi ya dakika tano, wala msiibebe habari yake hadi kwenye chai baada ya ibada. Watu wawili waende nyumbani kwake, wamsikie mzazi, wamsikie mtoto akiwa peke yake, na wafike shuleni pamoja na mzazi ikibidi. Pale mnapoona hasira ya nyumba imefika mahali pa hatari, mwombeni mzazi amruhusu kijana akae kwa familia nyingine ya waumini mpaka mwisho wa juma, si kama mfungwa, bali ale mezani nao na kutumwa kazi kama watoto wa hapo, huku mmoja wenu akikaa na baba au mama yake. Na mtoto akionekana na majeraha, hilo si la kupatanisha sebuleni: namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo, na ofisa wa watoto anapaswa kujua siku hiyo hiyo, hata kama aliyemjeruhi ni shemasi.