ANA hasi, mgonjwa anaumwa: siku yangu moja maabara

Saa 11 alfajiri alamu inalia, naizima, inalia tena, saa 12 niko stendi Mbagala nagombania gari na begi mbele kifuani. Hapa tuparuke, mtu wa Dar hahitaji kuhadithiwa.

Saa 1 na nusu nimeshavaa koti. Kabla sijagusa damu ya mtu napitisha kontroli, yaani seramu (maji ya damu) ya kiwandani ambayo majibu yake tunayajua tayari, mashine ikitoa namba tofauti basi hakuna kazi mpaka ikae sawa. Leo potasiamu imegoma mara mbili, nimekalibreti, nimesafisha, nimeomba Mungu, saa 2 na dakika 40 ndo ikakubali na huko nje foleni ishafika mlangoni.

Saa 3. Mwenzetu wa chumba cha kutolea damu kachelewa nikaingia mimi. Wa tatu ni mama wa makamo, kashikwa mkono na binti yake. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akakaa kitini kama anadondoka. Nikafunga mpira, nikamwambia anyooshe mkono, akatumia mkono mwingine kuunyanyua. Binti akasema mama ni msusi, miezi sasa hasuki kwa sababu mikono haipandi hadi kichwani kwa mteja, na akisujudu kuinuka mpaka ashikwe. Halafu kikohozi kikavu, kashatoa makohozi mara mbili, TB hamna. Vidole vyake pembeni vimekauka na kupasuka kama vya fundi gereji, na huyu mtu anashika nywele na mafuta siku nzima.

Fomu ya daktari inataka CK ya misuli, vipimo vya ini, ESR ya kuangalia uvimbe mwilini, na ANA, yaani kingamwili zinazogeukia viini vya seli za mwili wenyewe. Nikajaza chupa ya zambarau na ya njano. "Damu yote hiyo mwanangu?" Kidogo tu mama, kijiko na ushee.

Nikamuuliza kama kachomwa sindano ya tako wiki hii, kama kabeba mizigo mizito, kama anameza dawa za kushusha lehemu, maana vyote hivyo vinapandisha CK na baadae watu wanaanza kukimbizana na kivuli. Vyote hapana.

Saa 4 na nusu majibu yanaanza kutoka. CK ni kimeng'enya cha ndani ya misuli, msuli ukiumia kinavuja kwenye damu. Kwenye mashine yetu mwanamke mwisho ni kama 170, na kwa sisi Waafrika hata mzima anaweza kuzidi hapo kidogo bila kuumwa chochote, kwa hiyo 250 hainishtui. Ya mama mashine haikusoma kabisa, ikaweka alama kwamba imezidi kipimo, nikaichanganya na maji ya chumvi mara 10 nikarudisha. 7,412. Nikaangalia seramu kama ina wekundu maana damu iliyopasukia kwenye chupa nayo inadanganya, ni safi ya manjano. Nikarudia. 7,380.

Sasa ona vipimo vya ini. Vimeng'enya AST 310, ALT 190, juu zote mbili. Ila GGT, kimeng'enya kingine cha ini, 24, bilirubini kawaida, albumini kawaida. Watu wengi, madaktari wamo, wakiona ALT na AST zimepanda kichwani inakuja ini tu, pombe, homa ya ini, mitishamba. Lakini AST na ALT zipo kwenye misuli pia, na AST huko ni nyingi kuliko ALT. GGT misuli haina. Ini likiwa linaumia kiasi hicho kwa kawaida GGT nayo ingetikisika, hapa imekaa kimya kabisa.

Saa 6 nikampigia daktari. "Dokta, yule mama wako, ALT yake sidhani ni ya ini." Akanyamaza kidogo, akasema basi ANA isingoje kesho. Bahati nzuri leo ndo siku yake, vifaa vya kipimo hicho ni ghali kwa hiyo tunangoja sampo zifike idadi.

Saa 7 slaidi zinaloweka, nakula wali maharage huku nasoma meseji. Shemeji kanitumia picha ya majibu yake ya kliniki fulani, ANA chanya 1:80, kashajisomea na kashajipa lupasi, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wake yenyewe, anauliza ataishi miaka mingapi. Nikamuuliza viungo vinauma? Hapana. Vipele, mkojo, nywele? Hapana, alienda tu kucheki afya. Shemeji, kwa 1:80 watu wazima wasio na ugonjwa wowote ni kama 13 kati ya 100, na TB au malaria nazo zinaweza kuiwasha. Hiyo namba maana yake seramu yako ilizimuliwa mara 80 bado ikawaka, 1:640 yenye dalili ningekaa kitako. Hajaridhika, kataka nimpigie jioni.

Saa 8 chumba cha giza. Hii sehemu naipenda kuliko zote. Seramu ya mgonjwa inamwagwa juu ya seli za HEp-2 (zamani zilidhaniwa za kansa ya koo, kumbe ni HeLa zilizochanganyikana, za yule mama Henrietta Lacks aliyefariki 1951, bado anatufanyia kazi), kingamwili zikinasa zinang'aa kijani. Kisima (kijiduara kwenye slaidi) cha mama msusi: viini vyeusi. Kwa maabara nyingi hapo unaandika ANA hasi unafunga. Ila pembeni ya kiini, kwenye sitoplazimu, kuna vumbi laini la kijani limejaa seli nzima. ANA ni kingamwili za kiini, na hizi zake hazishambulii kiini.

Nikaweka ule ukanda wenye mistari ya kingamwili moja moja. Saa 10 na nusu mistari miwili imewaka, Jo-1 na Ro-52. Jo-1 jina limetoka kwa mgonjwa aliyeitwa John, ilielezewa 1980, inashambulia kimeng'enya kinachosaidia seli kutengeneza protini na makazi yake ni sitoplazimu. Inaendana na sindromu ya antisinthetasi, ugonjwa wa kinga kujishambulia: misuli, mapafu, viungo, na ile mikono ya fundi gereji. Ni ugonjwa adimu, mimi mwenyewe huu ni wa pili kuuona. Mimi siandiki ugonjwa, hiyo ni ya daktari na picha ya mapafu, mi nikaandika: viini hasi, sitoplazimu chanya, angalia Jo-1. Nikampigia tena, akasema CT ya kifua kesho asubuhi.

Saa 11 wenzangu wanaaga. Nikafungua faili la yule mama kwenye kompyuta nione kama kuna majibu ya nyuma ya kulinganisha. Yapo, ya miezi 4 iliyopita. AST 140, ALT 95, GGT kawaida. Aliandikiwa apumzishe ini, aache mafuta. Maoni ya maabara hakuna, nafasi iko tupu, na jina la aliyehakiki ni langu.

Shemeji anapiga.